Ngazi Ni Ngapi?

Wenzangu wakipiga simu kutafuta chumba
huuliza kama bahari inaonekana dirishani.
Mimi nauliza: ngazi ni ngapi?
Kitanda kina kimo gani? Bomba la bafuni
ni la kuzungusha, au la kusukuma kwa kiwiko?
Choo ni cha kukaa?

Wawili walinikatia simu.
Wa tatu akacheka: Mama, unataka likizo
au unataka hospitali?

Mimi ni Kadzo, fundi cherehani, Barani, Malindi.
Miaka thelathini nimetunga uzi kwenye sindano.
Tundu bado naliona;
kidole ndicho kinachogoma.
Daktari aliandika: baridi yabisi.
Baridi, nikamwambia, kwa jua hili la kwetu?

Wa nne alikuwa Lali Famau, wa Lamu.
Hakujibu. Nilisikia makubadhi yake
na sauti ikihesabu: moja, mbili,
ya sita hii ndefu kuliko wenzake,
kumi na moja... ngoja nipumue...
kumi na tisa. Na saba nyingine za kwendea darini.
Akanyamaza. Kisha, kama mtu anayeungama:
"Hata mie, goti la kushoto lina maneno yake.
Hapa chini iko stoo, mna mchele na soji za punda.
Nipe wiki moja."

Tarehe sikuichagua kwa kalenda,
niliichagua kwa bamvua.
Maji yakijaa sana, boti hupanda
hata gati likawa kama kizingiti cha mlango:
unavuka kwa hatua moja,
huparamii vidato vinavyoteleza kama mlenda.

Mpwa wangu Kahindi aliendesha, kwa sharti:
Garsen tunashuka, Witu tunashuka,
nilizunguke gari mara tatu
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Alicheka kutoka Witu mpaka Mokowe.

Stoo ilipakwa chokaa, ikanukia mchele bado.
Kitanda kiliinuliwa kwa matofali manne.
Bomba lilikuwa la kuzungusha,
lakini Lali alilifungia kijiti cha mkoko kwa waya,
kikawa mpini.
Nililifungua, nikalifunga, nikalifungua tena,
bila kunawa chochote.

Sikupanda darini. Shela sikufika.
Siku ya kwanza nilikaa dakani,
mgongo kwenye ukuta uliokwisha kushiba jua.
Punda mzee alifika kwenye kidato cha kona,
akasimama, akafikiri,
akateremsha mguu mmoja, akafikiri tena.
Tulielewana.

Siku ya pili vidole viliamka
vigumu kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka.
Hakuna aliyeniuliza leo tunakwenda wapi.
Nikalala hadi saa nne.
Usingizi huo nao niliulipia nauli.

Siku ya tatu nikamtania Bi Mwanate, mkewe Lali:
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Langu liko wapi?
Akaitazama mikono yangu,
akaenda, akarudi na sinia la asumini.
"Mie natunga. Weye chagua tu:
zilizofumba huku, zilizochanua kule."
Asumini haina uzito.
Haiombi kidole kikaze.
Tulichagua na kusengenya hadi magharibi,
na kama vifundo viliuma
sikumbuki.

Alfajiri maji yalikuwa yamejaa tena.
Lali alinibebea mkoba hadi gatini, akichechemea,
nami nikichechemea upande wa pili,
tukawa kama mkasi.
Nikamuuliza: Na ule mchele uliuweka wapi?
Akaonyesha kwa kidevu, nyuma, juu.
Ngazi kumi na tisa, na goti lile!
"Kibaba kwa kibaba," akasema,
"na pumziko kwenye ya kumi na moja."

Usiuteremshe bado, nikamwambia.
Bamvua lijalo ni lini?