Jiko Limepanda

Afisa ustawi alikuja Jumanne, Mbagala Kizuiani,
faili kwapani, jina la mwanangu juu yake.
Nikajua: leo Sikudhani anaondoka.
Nikamvisha gauni la Idi.

Akauliza jiko liko wapi.
Nikamwonyesha, chini, palepale lilipomchoma mkono.
Hakuandika.
Alivua viatu, akasema tutafute matofali.

Shangazi Mwamtoro akaleta karai la udongo,
akinung'unika kwa Kizaramo
kwamba mzazi naye hulelewa,
na kwa nini sikumwita mapema.

Magharibi jiko lilikuwa limepanda, usawa wa kiuno changu.
Sikudhani akalala na gauni lake, kidonda kikinukia asali.

Afisa atarudi Ijumaa.
Nimemwekea sukari ya chai.
Na, nisiseme uongo,
mlango nimeukomea mara mbili.