Kijiti cha Mbuni

Watu wa Moshi waliujua mgongo wake:
koti la kijivu lililopauka mabegani,
kisogo, na masikio mawili makubwa
yaliyopitisha mwanga wa taa kama majani machanga ya mgomba.
Mimi mvuta pazia ndiye niliyeuona uso.

Miaka kumi na tisa nimesimama na kamba, upande wa kushoto,
nikingoja nyusi za Aminieli Lyaruu.
Hakuninyooshea kidole hata siku moja.
Nyusi zikipanda, navuta.
Zikishuka, naachia.
Ndoa yangu mwenyewe haikupata maelewano hayo.

Kijiti cha kuongozea alikikata kihambani kwao, mbuni uliozeeka,
akakikwangua kwa kigae cha chupa
hadi kikawa cheupe kama jino la mtoto.
Walipomletea cha dukani, kutoka Nairobi, ndani ya kasha,
alishukuru sana,
akakifanya cha kukorogea chai.

Alikuwa mkali. Tusidanganyane kwa sababu yumo sandukuni.
Alimfukuza Ndekirwa na tarumbeta lake
usiku wa masika, matope hadi magotini,
na kosa halikuwa hata noti.
"Kimya nacho kinapigwa," alimwambia. "Wewe umekosea kimya."
Na Mama Elinasaa, mkewe,
alikula chakula cha jioni miaka arobaini
huku vidole vya mumewe vikihesabu mapigo juu ya meza.
Sijui kama aliwahi kuulizwa yeye anapenda wimbo gani.

Lakini usiku ule wa mchezo wa karani na mizani ya kahawa!
Aikande alifika katikati ya jukwaa, akasahau yote.
Mdomo wazi,
mikono ikitafuta mifuko ambayo gauni halikuwa nayo.
Karani wa mchezo naye akamkodolea macho, mjinga yule.
Nilishaanza kulegeza kamba.

Nyusi hazikushuka.

Akakirudia kile kipande kifupi cha filimbi na kodiani.
Akakirudia tena.
Mara ya tatu akaitoa ngoma. Mara ya nne akaitoa kodiani,
ikabaki filimbi peke yake, chini, chini,
kama mtu anayepuliza moto alfajiri
hataki kuwaamsha wenye nyumba.
Ukumbi mzima ukadhani ndivyo ilivyoandikwa.
Mwanamke wa safu ya mbele akatoa leso.
Mara ya saba neno likamrudia Aikande:
"Kilo zangu ziko wapi?"
Makofi yalitikisa mabati.
Yeye akafuta jasho kwa mkono wa koti,
akanikonyeza, mara moja tu katika miaka yote hiyo,
kisha akageuza ukurasa.

Aikande alikufa bila kujua. Alidhani alinyamaza kidogo tu.

Ukumbi sasa ni ghala la magodoro.
Pazia nilipewa mimi, ndicho kiinua mgongo changu:
nusu iko dirishani,
nusu inafunika cherehani.

Leo Kirua Vunjo, kati ya migomba, Kibo kimejifunika.
Bendi imekuja, wanne kati ya kumi na mmoja.
Ndekirwa yumo, mvi tupu, tarumbeta limefungwa kwa taulo,
na ameshika jani la sale;
sikuuliza kama amekuja kuomba radhi
au kumpa marehemu nafasi ya kuiomba.
Kijiti kimelazwa juu ya sanduku, hakuna anayekigusa.
Hakuna anayetaka kusimama mbele.
Mchungaji amekohoa mara mbili.
Mtoto ameuliza kwa sauti, "Mbona hawapigi?"

Ndipo nikaona wote wanne wananitazama mimi.
Mimi, nisiyejua do ilipo wala inakotoka.

Nikapandisha nyusi.

Wakaingia, si wote kwa pamoja.