Daftari la Madeni, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Redio ilisema saa mbili na dakika tano:
mwanamke wa Moshi ameshinda tuzo kubwa huko Ulaya.
Mtangazaji akalitamka jina kama anatafuna mchanga:
Aikande Ndetaulwa.
Nikazima mashine ya fotokopi.
Nikafungua daftari.

Yumo. Ukurasa wa arobaini na moja,
kati ya chekechea ya Pasua
na mchungaji aliyechapisha kadi za harusi akahama mji:
Mama Aikande, kurasa 312, kalipa nusu,
salio elfu kumi na nne na mia tatu.
Mwandiko wangu. Wino wa kijani, kalamu nyekundu iliisha.

Alikuja jioni, akitoka kuchambua kahawa ghalani,
vumbi la maganda kwenye nyusi,
madaftari ya shule yamefungwa kwa kamba ya katani.
Nilichapa kwa vidole viwili.
Alikaa juu ya kreti ya soda, akinisahihisha:
"Sikuandika alilia. Niliandika alikuwa na mafua."
Umeme ukikatika, alinisimulia yaliyobaki gizani,
nami nikaomba Tanesco wachelewe.

Karatasi zilizoharibika nilimpa Ndeonasia wa karanga.
Akazisokota umbo la pia,
akauzia kwenye geti la soko la Mbuyuni.
Kwa hiyo, waheshimiwa majaji,
ninyi si wasomaji wake wa kwanza.
Fundi baiskeli aliisoma sura ya tatu ikiwa na chumvi,
kesho yake akanunua karanga asizozitaka
apate kujua kama yule binti alivuka mto.
Akapata sura ya tisa.
Mpaka leo anabisha kwamba alizama.

Wiki hii wamekuja watu wa kamera.
Wanauliza kama nilijua.
Nilijua nini?
Nilijua anakunywa chai bila sukari,
nilijua hakubali koma yake ifutwe,
na kwamba akifika mahali pazuri hukohoa.
Mmoja akaliona daftari, akataka kulinunua.
Fedha aliyotaja inatosha mashine mpya, ya rangi.
Nililikalia.

Jana simu iliita, namba ndefu isiyo ya hapa.
"Bado nadaiwa?"
Nikasema bado.
"Usifute. Nakuja."

Sijamwambia mtu, ila fundi baiskeli.
Ameomba siku hiyo nimwite, hata kama ana gurudumu mkononi.
Hataki picha.
Ana swali moja tu,
la mto.