Moshi wa Saa Tisa Usiku

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto.
Hawakutaja umbali.
Mimi nimeupima: futi nane
za bomba la chuma lililobeba antena ya baba
enzi za televisheni za chogo.

Mkebe ni kopo la maziwa ya unga.
Nimelitoboa kwa msumari, matundu kumi na moja
(nilikusudia kumi).
Feni imetoka kwenye kompyuta iliyokufa ofisini,
betri ni ya bodaboda, imechoka, lakini inatosha,
maana moshi haupendi kusukumwa,
unapenda kukumbushwa tu njia.

Na kabati ni friji.
Mteja wa barabara ya kumi na tatu aliliacha hapa Ngamiani
mwaka juzi. Alisema, nakuja.

Miaka ishirini nauza baridi, mimi fundi Mbaruku,
sikuwahi kuulizwa kama moshi nao hupoa.
Aliyeniuliza ni macho ya shangazi Mwanajaka,
mekundu kama tui la mawese,
miaka arobaini juu ya pipa kule Sahare
akigeuza vibua kwa vidole vitupu.
Daktari wa Bombo akamwambia, bibi, acha moshi.
Akamjibu, niache moshi nile miwani?

Jaribio la kwanza bomba lilitazama chini.
Lami ikateremka taratibu hadi ndani,
ikawapaka vibua
kama nguzo zinavyopakwa oili chafu kuzuia mchwa.

La pili niliongeza upepo.
Vumbi la mbao likashika moto wa kweli,
mpira wa mlango ukanuka mtaa mzima,
Mama Zuhdi akatoka na ndoo, na maneno.

Nikarudi kwa Shehoza seremala:
nipe la mwembe, nipe la mkorosho, kavu,
usinichanganyie la mbao zenye dawa.
Nikainua bomba, likapanda kama ngazi,
chini ya kiungo nikaning'iniza kikopo
kinywe machozi meusi peke yake.
Juu yake nikalaza gunia la mkonge lililoloa.

Nguru alikuwa amelala kwenye chumvi ya mawe
usiku na mchana,
akaoshwa, akaanikwa kivulini penye upepo
mpaka ngozi ikanata kidoleni.

Tena nikangoja saa tisa,
saa ambayo hata Tanga huvua joto lake
na kulitundika msumarini.
Nikawasha. Hakuna mwali,
ni jicho moja jekundu linalotafuna vumbi polepole
kama mzee mwenye tambuu.
Nikapitisha kiganja juu ya bomba:
karibu na mkebe linaunguza,
katikati ni bakuli la uji uliosahaulika,
mlangoni pa friji
ni paji la mtoto aliyetokwa na homa.

Alfajiri shangazi alifika na kanga ya pili mkononi,
ile ya kufutia.
Nilipofungua mlango alifumba macho mapema,
akasimama hivyo, akisubiri kulia.
Moshi ukatoka kwa adabu, ukampita begani.
Akafumbua jicho moja. Kisha la pili.
Hakusema kitu.

Akakata kipande kwa kisu cha nazi, akanusa.
"Hajaiva huyu."
Nikasema, moshi huu haupiki, shangazi.
"Basi unafanya nini?"

Hapo, ndugu yangu, ufundi wote ulinikimbia.
Akafunga minofu miwili kwenye gazeti, akaondoka.

Adhuhuri kijana akaniletea bakuli limefunikwa sahani:
nguru wa nazi, bizari kidogo, ndimu,
na ndani ya tui, mbali sana, kama mtu anayeita toka ng'ambo,
mkorosho.
Na salamu: mwambie fundi
lile friji asiliuze.

Sasa nawaza mwenyewe akirejea
nitamweleza nini.
Limepona, bwana, nitamwambia.
Ila limeanza kuvuta.