Leta Salama

Likazima kwa kilio, pale daraja la Nyali,
Gari la sifa na cheo, kutoka nchi za mbali;
Taa saba za kioo, zaniwakia ukali,
Indiketa mbili mbili, zawataka radhi nyuma.

Tukutuku zapitia, honi zao kama nyuki,
Kijana akatokea, muuza njugu na keki,
Bega akalitilia, asema: "Mzee, haki!
Gari hili si la dhiki, mbona ni la kusukuma?"

Sikulitaka kwa pambo, wala kutambia watu;
Mamangu Bi Mwanakombo, asotaka kwangu kitu,
Aliniambia jambo, usiku wa siku tatu
Tangu afe Badi wetu, aliyebanwa na chuma.

Kilimani Mazerasi, trela lilimwangukia,
Kigari chake chepesi, kikawa kama gunia.
"Sitaki tena mkosi," mama alinililia,
"Bangili nakuvulia, ziuze, leta salama."

Pale Ganjoni kwa yadi, muuzaji mwenye tai:
"Latoka nchi baridi, kwa wajalio uhai,
Mito ya hewa zaidi, ndani, kufa hakufai!"
Akaninywesha na chai, nikalipa hima hima.

Mwezi mmoja likenda, halina hata dosari,
Mama mbele akipanda, kujifunga ni fahari;
Hata kapu la matunda, hufungwa, la sivyo shari:
Kengele hadi Bamburi, haiishi kulalama.

Wa pili ikafa sensa, ya mlango wa kushoto,
Nikatoa zangu pesa, gia ikashika joto,
Na wa tatu ni mikasa, taa yawaka ya mito,
Mito ileile mito, ya kulinda wangu mama.

Fundi Dzombo wa Jomvuni, mikono akajifuta,
Kasema: "Ndugu, amini, kipuri hutakipata,
Pengine mwezi wa Juni, na bei itakukata."
Kisha kando kanivuta, nione wenzake nyuma.

Mawili, moja kabila, sura zao zile zile:
Moja la mwalimu Jila, liko hapo siku tele,
La pili kuku hulala, atamia kiti kile.
Nikayahesabu mle, mayai sita, salama.

Ganjoni nikarejea, kwa hasira nikafoka,
Chai akanitilia, subira akinitaka:
"Umewahi kuumia, hata ukucha kung'oka?"
Jibu likanikauka, kweli sijawa kilema.

Ahadi ametimiza, hakuniuza uwongo:
Gari lisiloteleza, kwani halina mpango;
Trela litaliumiza vipi, mbele ya mlango?
Nacheka bila usongo: salama ni kusimama.

Sasa lipo Mikindani, kando ya tangi la maji.
Alasiri, barazani, mama hana mfariji,
Huingia mle ndani, kama aliye mwendaji,
Hufunga mkanda, haji, wala hendi, katuama.

Jana nalimuambia: "Mama, yuko mnunuzi,
Kwa kilo atalipia, yeye vyuma ndiyo kazi."
Kwa ndani kaitikia, mlango kaacha wazi:
"Humu silii machozi. Panda, mwanangu," kasema.

Nikashika usukani, betri siku nyingi mfu;
Mbali, malori njiani, yanguruma safu safu.
Mkanda hadi begani, nikauvuta mrefu,
Tukakaa, bila hofu, mimi na gari na mama.