Sahihi ya Mzazi au Mlezi

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu, ghorofani kwa fundi saa,
chumba changu kina kiti kimoja cha kinyozi,
sindano za kutumia mara moja, spiriti, glavu,
na fomu.
Fomu nimeitunga mwenyewe, nakala shilingi mia:
"Mimi ............ niliyetia sahihi hapa chini,
kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu,
nakubali kuchorwa alama isiyofutika."
Chini ya miaka kumi na minane, mzazi aje.
Aje mwenyewe, kwa miguu yake.
Wameshaniletea sahihi za baba zenye mwandiko wa kidato cha pili.
Wameshaniletea shangazi wa kukodi.

Mimi masikio yangu yalitobolewa nina siku arobaini,
uzi mweusi, sindano ya kushonea nguo.
Nililia, wakasema mapafu mazuri.
Hakuna aliyeniuliza. Ndiyo maana nauliza.

Jumanne akaingia Fidea Nampota,
miaka kumi na saba na miezi tisa,
cheti cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni,
na nyuma yake mama, anahema kwa ngazi.
Anataka mistari mitatu ya kuvunjika-vunjika
kwenye kifundo cha mkono,
ile iliyokuwa mashavuni mwa bibi yake
aliyekuja manamba kutoka Newala
akafia kambini, njia ya Muheza.
Picha anayo, ndogo, ya kitambulisho.
Upande mmoja, anasema, umeliwa na unyevu;
shavu moja tu ndilo linaloonekana.

Mama hajui kuandika. Basi dole gumba.
Nikafungua kidau cha wino wa zambarau,
akabonyeza, akainua:
doa.
Tukajaribu tena. Doa.
Kidole hakina mstari hata mmoja,
laini kama kipande cha sabuni ya juzi.
"Katani," akasema. "Miaka ishirini na mbili kwenye korona.
Hata nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilinikataa."
Akageuza viganja: makovu ya miba,
meusi, mafupi, mengine juu ya mengine.
"Na haya, fomu yake iko wapi?"

Fomu yangu ina mistari kumi na minne.
Niliipitia yote
kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta funguo
na huku anajua kaziacha nyumbani.

Nikamwambia binti asome kwa sauti, ndio utaratibu wangu.
Akasoma vizuri, sauti ya shule, mpaka "isiyofutika".
Hapo mama akacheka, kicheko cha puani.
"Bibi yako alishikwa na watu wanne, mikono na miguu.
Alikuwa hajavunja ungo.
Na mjini huku hakushuka hata siku moja
bila kuivuta kanga mpaka machoni.
Hiyo picha, shavu la pili halikuliwa na unyevu.
Alilikwangua mwenyewe, kwa wembe."

Feni ikazunguka.
Chini, fundi alikuwa anajaribisha kengele za saa,
moja baada ya nyingine,
zote zikitaja saa isiyo sahihi.

Fidea hakulia. Alitazama picha, akatazama mkono.
"Kwa hiyo nisichore?"
"Nani kasema? Doa langu lile pale, nimekubali.
Nilitaka tu ujue unachora nini."

Nikachukua kalamu ya buluu, ya kawaida, ya dukani,
nikamchorea mistari mitatu ya kuoga nayo.
Ikitoka, aichore tena mwenyewe.
Miezi mitatu. Arudi, au asirudi.

Fomu nimeiweka kwenye faili la kijani,
katikati ya zile zilizokamilika.
Jina la mama, kwa mwandiko wa binti.
Pembeni yake zambarau tupu, haina mtu ndani.
Tarehe sijajaza.