Mia Mbili ya Faki

Faki kaja mbio kutoka Jadida,
mia mbili ngumini, jasho hadi shingoni:
"Fundi, simba wangu ana ufa! Nimetajirika?"

Nikaiacha saa ya watu tumbo wazi,
nikabana lenzi jichoni.

Macho hudanganya, Faki. Pitisha ukucha.
Mstari ukiinuka kama mshipa wa mkono,
huo wa kiwandani: muhuri ulipasuka,
madini yakaingia ufani, yakatuna.
Ukizama, ukucha ukanasa,
hilo kovu. Limepatikana humu humu duniani.

Huu wako umezama.
Tena geuza: upande wa pili pamebonyea
palepale.
Pigo moja, nyuso mbili. Nyundo hiyo.

Kanuna. "Mama aliigongea chini ya mguu wa kabati."

Sikumwambia kwamba ya kweli niliwahi kuishika:
hamsini, faru kahamia ukingoni,
nusu ya uso tupu, laini kama yai.
Nikaidhani mbovu.
Nikaichomeka katikati ya nzima, nikalipia boflo,
nikaondoka upesi
nisije nikarudishiwa.